Gari la zamani likigongwa, bei yake anaipanga nani?

Kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji wa hasara. Kazi yangu ilikuwa kwenda gereji, kulizunguka gari lililogongwa, kuingia chini yake na tochi, kisha kuiandikia kampuni ya bima ripoti. Ndiyo maana barua za magari huletwa kwangu. Za safari hii karibu zote zinahusu magari ya zamani, na walioziandika wana uchungu mmoja: wameambiwa gari lao halifai kutengenezwa, na pesa wanayopewa haiwezi kuwarudisha barabarani.

*Shikamoo mama. Gari langu lina umri wa miaka 19. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nikagongwa kwa nyuma. Aliyenigonga alikubali kosa mbele ya askari, na ana bima. Mkadiriaji wa kampuni yake alikuja, akaangalia haraka haraka akaondoka. Sasa nimeletewa barua kwamba gari ni "hasara kamili", na kiasi wanachotaka kunilipa hakifiki nusu ya bei ninazoziona nikitafuta gari kama hilo. Gari lilikuwa zima, injini haijawahi kufunguliwa, na ndilo linalompeleka baba yangu kusafishwa damu kwa sababu ya figo. Wanataka nisaini ndani ya siku saba. Nikikataa, nitakosa vyote?*
*Niliyesimama kwenye taa*

Marahaba mwanangu, na pole, wewe na mzee. Hukosi vyote. Zile siku saba wamejiwekea wao. Muda wa kufungua madai unawekwa na sheria ya nchi yako, na ni mrefu kuliko wiki moja. Usisaini, lakini usinyamaze pia. Wajibu kwa maandishi leo au kesho kwamba umepokea barua, hukubaliani na kiasi, na unaomba nakala ya ripoti ya mkadiriaji. Mtu anayenyamaza ni rahisi kuandikiwa kwenye faili kwamba hakujibu.

Maneno "hasara kamili" yanatisha kuliko yanavyostahili. Hayasemi kwamba gari limekufa. Ni hesabu tu: gharama ya kulitengeneza inalinganishwa na bei ambayo gari lingeuzwa kabla ya kugongwa, na mara nyingi bei ya mabaki, yaani gari lenyewe likiuzwa vile lilivyogongwa, nayo inaingizwa humo. Gharama ikikaribia bei au kuipita, kampuni inaona nafuu kukulipa bei ya gari. Magari ya zamani huangukia hapo upesi sana kwa sababu thamani ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea haishuki nayo. Taa ya nyuma ikinunuliwa mpya haiulizi gari lina umri gani. Bampa, mlango wa buti, taa mbili, kunyoosha bodi na kupiga rangi: kwa gari la miaka mitatu hayo ni matengenezo ya kawaida, kwa la miaka 19 yanatosha kulifuta. Hata mstari wenyewe unachorwa tofauti kila mahali. Huko Marekani, jimbo la New York linalihesabu gari kuwa hasara kamili matengenezo yakifika asilimia 75 ya thamani yake, wakati Texas inasubiri mpaka yafike 100. Kwa hiyo usibishane nao kwamba gari lako bado linafaa. Pengine wanalijua hilo. Bishana juu ya ile namba ya thamani, kwani pesa yako iko hapo.

Na thamani unayodai ni hii: gari lako lingegharimu kiasi gani kununuliwa dakika moja kabla ya kugongwa, kwa umri wake, kilomita zake na hali yake. Huwezi kudai bei ya gari jipya. Wao nao hawawezi kukulipa bei ambayo mnunuzi wa magari chakavu angekupa kwa huruma. Unastahili bei ya mtu anayekwenda sokoni kununua gari la aina ile ile, lililo zima kama lako lilivyokuwa.

Ripoti ikifika, isome kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nilizisoma nyingi za wenzangu, na makosa yake hayakuwa mengi kwa aina. Anza na toleo la gari: modeli moja huwa na injini ndogo na kubwa, gia za mkono na za otomatiki, toleo la kawaida na lile lenye vikorombwezo, na akiandika la chini bei yote inashuka. Halafu kilomita. Mkadiriaji akikuta dashibodi haiwaki kwa sababu betri imekatwa, ataweka kilomita za wastani wa umri ule, na lako huenda limetembea pungufu sana. Kisha tafuta neno "wastani" kwenye sehemu ya hali ya gari. Aliyepita haraka haraka huandika wastani kila mahali: tairi wastani, viti wastani, rangi wastani. Mwisho angalia alikotoa bei. Ipo bei ambayo wafanyabiashara hununuliana magari na ipo bei ambayo mteja wa kawaida huuziwa. Wewe si mfanyabiashara wa magari, kwa hiyo inayokuhusu ni ya pili.

Ukishajua kosa liko wapi, jibu kwa ushahidi. Tafuta matangazo ya magari yanayouzwa sasa: modeli yako, injini yako, gia zako, mwaka wako au mwaka mmoja huku na huku, kilomita zinazokaribiana. Matano au sita yanatosha. Yahifadhi kwa picha zinazoonyesha tarehe, kwa sababu tangazo linaweza kuondolewa kesho. Usichague la bei ya juu pekee. Nilipokuwa kazini, mtu aliyeniletea tangazo moja la gari linalong'aa nilimwekea pembeni. Aliyeniletea matano yenye bei zilizopishana kidogo, yakiwemo ya chini, ilinibidi nimjibu kwa hoja. Wauzaji hupunguza bei mnunuzi akifika, kwa hiyo kubali kupunguza kidogo kutoka bei ya tangazo, na sema katika barua yako kwamba umepunguza. Ongeza picha za gari kabla ya ajali, hata kama ni za sherehe na gari limeonekana nyuma ya watu, pamoja na daftari la sevisi na risiti.

Kuhusu risiti nikuambie ukweli ili usije ukaumia. Kubadilisha mafuta, breki na mkanda wa injini hakupandishi bei ya gari kwa kiasi ulichotumia. Risiti hizo zinathibitisha kwamba gari lilitunzwa, na hilo linalitoa kwenye "wastani" na kulipeleka kwenye "zuri". Tairi mpya nne zinaweza kuongeza kitu. Injini iliyobadilishwa inaweza kuongeza zaidi, lakini hailipwi yote.

Baada ya hapo andika barua fupi, yenye namba. Usiandike "hicho ni kidogo". Andika kiasi unachokitaka na jinsi ulivyokipata. Ambatisha matangazo. Waombe, kama wanakataa, wakuonyeshe wao gari mahali linapouzwa kwa bei waliyokupa. Ombi hilo ni la haki kabisa, na nimeona faili nyingi zikifunguliwa upya kwa sababu yake.

Mzee wako sasa. Aliyekugonga, na kampuni yake kwa niaba yake, hakukuharibia bodi tu; amekuondolea usafiri. Kwa kuwa unamdai mwenye kosa na si bima yako mwenyewe, katika nchi nyingi unaweza kudai pia gharama ya bredauni, ya kulaza gari yadi, na ya usafiri mbadala kwa muda unaofaa hadi ulipwe. Kila mnapokwenda hospitali kwa teksi, chukua risiti na uandike tarehe na safari ilikuwa ya nini. Barua ya kliniki inayoonyesha ratiba ya baba ina nguvu kuliko maelezo yako ya mdomo. Lakini nawe una wajibu wa kutoikuza hasara. Gari likilala kwenye yadi inayotoza kwa siku, lihamishe mapema au uwaandikie kampuni walihamishe wao, la sivyo watakataa kulipa siku zote hizo, na hoja yao itasimama.

Jambo moja halitakufurahisha. Kulipenda gari, au kuwa ulilitunza kama yai, hakukupi haki ya kulipwa matengenezo yanayozidi bei yake. Mwaka 1963 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mtu mwenye gari la Lea-Francis la mwaka 1951 aliyelitengeneza kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake sokoni, akitaka mgongaji alipe yote. Mahakama ilimpa bei ya soko. Ujerumani wako wapole zaidi: huko mwenye gari anaweza kulipwa matengenezo hadi asilimia 130 ya bei ya kupata gari kama lake, mradi alitengeneze ipasavyo kama mtaalamu alivyoandika na aendelee kulitumia, kwa kawaida angalau miezi sita. Naupenda utaratibu huo, kwa kuwa unatambua kwamba mtu analijua gari lake na hajui tabia ya lile atakalonunua. Uliza sheria ya kwenu inasemaje kabla ya kukata tamaa juu ya matengenezo.

Hukuniandikia kama uliumia, lakini waliogongwa kwa nyuma mara nyingi huanza kuhisi shingo baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Mwone daktari. Na karatasi yoyote ya malipo utakayosaini, isome mstari wa mwisho: ikisema umepokea malipo "kamili na ya mwisho ya madai yote yatokanayo na ajali", umeuza gari na shingo yako kwa pamoja. Waambie waandike kwamba malipo ni ya gari peke yake.

*Mama, mimi nina bima kubwa. Kwenye hati yangu ya bima gari limeandikiwa thamani ile ile tangu nilipoanza, miaka sita iliyopita, na ada nimelipa kila mwaka bila kukosa. Gari limepinduka, limekwisha. Sasa wanasema watanilipa bei ya soko ya leo, ambayo ni ndogo sana, na bado wanakata. Kwa nini nililipia thamani wasiyoitambua?*
*Mlipaji wa miaka sita*

Nashukuru umetoka salama kwenye gari lililopinduka.

Katika hati za kawaida, kiasi kilichoandikwa pale ni kikomo tu: kampuni haitalipa zaidi ya hapo. Kinacholipwa ni thamani ya gari siku ya ajali. Kanuni hii ni ya zamani. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliieleza mwaka 1883, katika kesi iliyohusu nyumba iliyoungua, kwamba aliyekatiwa bima afidiwe hasara yake yote na asifidiwe zaidi ya hapo, na bima katika nchi nyingi inaendeshwa kwa kanuni hiyo hadi leo. Ipo aina nyingine ya hati ambayo mnakubaliana thamani tangu mwanzo, hutumika zaidi kwa magari ya kihistoria, na humo kiasi kilichokubaliwa ndicho hulipwa. Soma yako. Ukiona maneno ya "thamani iliyokubaliwa", una kesi nzuri. Ukiona "thamani ya soko", pigania ukubwa wa hiyo thamani ya soko, kwa njia niliyomweleza mwenzako hapo juu.

Makato mengi yanatokana na kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa, watu wa bima hukiita eksesi. Kwa gari la bei ndogo eksesi inauma sana, kwa sababu mara nyingi haishuki gari linapozeeka. Mengine huwa ni ada ya mwaka ambayo hukuimaliza, au mabaki kama umesema utabaki nayo. Omba kila kato liandikwe na jina lake na kifungu cha hati kinachoruhusu. Kato lisilo na kifungu linarudishwa.

Hata hivyo lalamiko lako nalielewa, na nadhani una haki nalo kwa sehemu. Kama ada ilihesabiwa kwa thamani ya miaka sita iliyopita na hakuna aliyekuambia uishushe, waandikie uombe tofauti ya ada, au angalau maelezo. Hawalazimiki kila mahali, lakini wapo wanaorudisha wakiulizwa vizuri, na ukifika kwa msuluhishi wa malalamiko ya bima, barua hiyo itakuwa kwenye faili lako. Tena usikubali kinyume chake kukupata na gari lijalo: mtu akiandika thamani ndogo ili apunguze ada, kampuni inaweza kupunguza hata malipo ya matengenezo kwa uwiano huo huo. Aliyeandika nusu ya thamani anaweza kulipwa nusu ya bampa.

*Shikamoo bibi. Wamelifuta gari langu lakini fundi wangu anasema akipata spea zilizotumika atalirudisha kwa nusu ya makadirio yao. Niwaachie mabaki au nibaki nayo?*
*Mjukuu mwenye fundi*

Marahaba mjukuu wangu. Fundi wako anaweza kuwa anasema kweli. Makadirio ya bima kwa kawaida hutumia spea mpya na saa za kazi za gereji kubwa. Ukibaki na mabaki, kampuni inakulipa thamani ya gari ikitoa bei ambayo mabaki yangeuzwa. Uliza bei hiyo kabla hujajibu, na uliza wameipata kwa nani. Wakikata kiasi kikubwa kuliko ambacho mnunuzi yeyote wa mabaki angetoa, waambie basi wayachukue wao kwa bei hiyo hiyo.

Kabla ya bei lakini kuna swali la usalama, na hapa nitakuwa mkali. Boneti, madigadi, bampa, rejeta, taa: hivyo vinabadilishwa na gari linakuwa gari. Kama chasisi imepinda, au nguzo ya mlango imeingia ndani, au sakafu imekunjamana chini ya viti, usilirudishe barabarani kwa kunyoosha na kupaka puti juu. Sehemu hizo zimetengenezwa kupokea kishindo, na zikishakipokea mara moja hazirudi kuwa zilivyokuwa kwa nyundo. Mifuko ya hewa ikifumuka hununuliwa upya pamoja na mikanda iliyojikaza siku ile, na hiyo peke yake inaweza kumaliza ile nusu ya fundi wako. Kiti cha mtoto kilichokuwa ndani wakati wa ajali kubwa hakitumiki tena, hata kama hakina mkwaruzo. Mlipe fundi mwingine, asiyetarajia kazi hiyo, alipandishe juu akakuonyeshe chini.

Halafu kuna makaratasi. Katika nchi kadhaa gari lililofutwa hubaki na alama hiyo kwenye kumbukumbu zake. Uingereza, tangu Oktoba 2017, huyagawa kwa herufi: A lisagwe lote, B lisirudi barabarani ila spea zake zitumike, S limeumia kwenye umbo lake la msingi, N halikuumia hapo. Ya S na N yanaweza kutengenezwa. Uliza kwenu alama inaandikwaje, ukaguzi gani unatakiwa, na kama kampuni yako itakubali kulikatia bima kubwa tena. Ukija kuliuza, mnunuzi ana haki ya kuambiwa, nawe ulitarajie kwa bei ya chini. Kama unalitaka kulitumia mwenyewe mpaka likuishie, na limeumia kwenye mabati tu, mimi ningebaki nalo.

*Mama, nina bima ndogo tu. Nimerudi nyuma nikagonga nguzo. Je, nitoe taarifa?*
*Wa nguzo*

Bima ndogo hulipa hasara uliyomsababishia mwingine, kwa hiyo gari lako utalitengeneza mwenyewe. Lakini nguzo ina mwenyewe. Kama imepinda, toa taarifa kwa mwenye nguzo na kwa bima yako, maana hati nyingi zinakutaka utaarifu kila ajali inayoweza kuleta madai, hata wewe usipodai kitu. Kama nguzo haina hata alama, piga picha zake siku hiyo hiyo uzihifadhi.

*Shikamoo mama. Gari langu ni la zamani sana na ada ya bima kubwa inanielemea. Niendelee?*
*Mwenye gari la urithi*

Marahaba. Chukua bei ambayo gari lako lingeuzwa leo, toa eksesi. Kinachobaki ndicho kiasi cha juu ambacho bima kubwa ingekupa gari likifutwa. Kiweke mbele ya ada ya mwaka. Wengi katika kazi hii husema ada ikizidi asilimia 10 ya thamani ya gari, wakati wa kufikiri upya umefika. Mimi huongeza swali moja: gari likitoweka kesho, unaweza kununua jingine bila kukopa? Kama jibu ni ndiyo, hamia bima ndogo na ile tofauti ya ada uiweke akiba kila mwaka. Kama jibu ni hapana na gari ndilo linaloleta riziki, endelea mwaka mwingine, ila kwanza waombe washushe thamani iliyoandikwa na ada pamoja nayo. Na kama limenunuliwa kwa mkopo ambao haujaisha, soma mkataba wa mkopo kabla ya kugusa chochote: mara nyingi benki inakutaka uwe na bima kubwa, na gari likifutwa, wao hulipwa kwanza.